Nega za Bi Salha

Jumanne, 4 Februari

Maji yametoka alfajiri. Nimejaza madumu, nimesafisha mkanda mmoja wa kamera kabla jua halijawa kali. Dawa ya kusafishia picha inataka ubaridi, na chumba changu cha Vingunguti hakijawahi kusikia habari hiyo. Kwa hiyo barafu. Nanunua zile za ukwaju kwa Mama Eliza, nazipanga kwenye beseni kuzunguka chombo cha dawa, zikianza kuyeyuka tunazinywa. Neema, mwalimu wa shule ya msingi ninayepanga naye chumba, anasema siku nikichanganya nitakunywa dawa mie na mkanda utaoga ukwaju.

Mikono inanuka. Mgongo unauma. Nina miaka ishirini na nne na najisikia bibi wa mtu.

Lakini picha. Buti za wachinjaji zimepangwa ukutani machinjioni, mvuke unapanda, jua la asubuhi limeingia kwa ubavu. Kuna watu wanalipa ada wafundishwe mwanga. Mie nimefundishwa na machinjio, bure, nikiwa na kidato cha pili changu nilichokiacha njiani. Dar hii wanaosafisha mkanda kwa mikono yao tupo wachache, na mzuri ni mmoja.

Hiyo ni ya tisa. Braza Deo anaandaa maonyesho Jumamosi ya wiki ijayo, anataka kumi zangu. Ukuta mzima kwa ajili yangu. Sijawahi kuwa na ukuta. Hata huu ninaouegemea una mwenyewe.

Jioni kapiga simu Bi Salha wa Kipawa, mwenye duka la vitambaa. Anaozesha binti yake, Rahma, kabla ya Ramadhani kama mji mzima. Alhamisi hina, wanawake watupu. Picha anazitaka, ila za mkanda tu. Harusi ya mpwa wake mtu alirekodi kwa simu, wanawake wanacheza vichwa wazi, kesho yake ipo kwenye magrupu mpaka Uarabuni. Mpwa akajifungia ndani kwa aibu. Masharti: nisafishe mwenyewe, asione mtu, nega zote, vile vipande vya mkanda uliosafishwa, nimkabidhi yeye mkononi.

Nikamwambia, Bi Salha, mie ni kaburi. Kaburi lenye kamera.

Ijumaa, 7 Februari

Sina miguu. Jana nimesimama kuanzia alasiri.

Mlangoni kapu la ukindu. Simu zote ndani ya kapu, yangu nayo, na shangazi wa bi harusi amelikalia jirani kama kuku mwenye mayai. Kamera akaigeuzageuza kutafuta kioo cha kutazamia picha. Hakukiona. "Sasa wewe unajuaje umepiga nini?" Nikamwambia, shangazi, ni imani. Akanipisha.

Ndani mabaibui yakavuliwa. Kilichofuata sikiandiki hata humu. Kaburi.

Moja tu naandika, maana isipotoka nitapasuka. Rahma kapakwa hina mikono na miguu, bado mbichi, hawezi kushika kitu. Njaa inamuuma. Bi Salha, mama mkali huyu, madalali wa vitambaa wanampisha njia, kashuka chini mkekani, mtandio umemwanguka, kichwa wazi, mvi tele. Anamlisha pilau tonge kwa tonge kama mtoto aliyeota meno juzi. Rahma akaanza kulia huku anatafuna. Hawezi kujifuta. Mama akamfuta kamasi kwa ncha ya khanga, na yeye mwenyewe machozi yanatiririka, hayana wa kuyafuta.

Nikapiga moja. Mwenye simu angepiga hamsini na asiione hata moja.

Nilijua palepale.

Jumamosi, 8 Februari

Imetoka.

Nimeinyanyua nega kwenye dirisha, bado inachuruzika maji. Kwenye nega vyeupe vinakuwa vyeusi, kwa hiyo Bi Salha ana nywele nyeusi tii, msichana mbichi, analisha mwanamwali mwenye uso wa giza. Nikakaa kitandani. Siyo kwa furaha.

Mama yangu ameniachia picha moja duniani. Studio ya Temeke, mkono umewekwa juu ya redio isiyokuwa yake, nyuma pazia lililochorwa ndege. Hacheki. Anaonekana kama shahidi mahakamani. Watu wakiniuliza nani amenivutia kwenye kazi hii huwaga nataja mafundi wakubwa wa Ulaya ambao hata majina yao nayatamka vibaya. Uongo. Ni ile redio. Tangu nimeshika kamera namtafuta mama anayefanya kitu, siyo anayewekwa kusimamia redio za watu.

Leo nimempata. Ni mama wa mtu mwingine.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeharibu.

Jana niliichapa kwenye karatasi. Niione tu, nilijiambia. Neema akaitazama, akanirudishia. Akasema, "Mwaju, hiyo siyo yako." Nikamjibu najua, kwani hata mbuzi wa jirani si naangaliaga.

Leo nikaenda kwa Deo na picha tisa, na hiyo ya kumi chini ya bahasha. Mwenyewe simjui aliyeiweka. Deo akazipanga mezani, akavua kofia, akavaa kofia. Buti kazipenda. Kisha akasema, ukuta una macho dada, moyo hauna. Mie huyu nikubali kuambiwa sina moyo? Nikaitoa. "Ya kuangalia tu. Haitundikwi." Mdomo wangu huu utanizika.

Deo akavua kofia tena, safari hii hakuivaa. Nikajaa sifa mpaka masikioni, nikaenda chooni kunawa uso. Nimerudi, namkuta kainamia meza, simu mkononi. Keshaipiga picha. Keshamrushia Fredi, kijana wa Tegeta anayemtengenezea bango.

Siku zote naamini kwamba karatasi haina miguu. Kumbe simu ndiyo miguu yake. Kapu la ukindu pale Kipawa lilijua hilo, mie fundi nikasahau.

Nikamwambia afute, nikamweleza masharti ya Bi Salha. "Dada, hawa watu hawaji maonyesho. Nani atajua?" Nikasema mie nitajua. Akafuta, uso umevimba. Akasema bila ya kumi hakuna bango, na ukuta ule kuna wenzangu wanaulilia. Nikasema sawa. Sikuwa na sawa yoyote ndani.

Fredi hapokei simu.

Jumanne, 11 Februari

Tegeta. Foleni imenikalia kichwani, jua la kuchoma mbavu, nusu ya safari nimetembea.

Nimempata Fredi kwenye kibanda chake, spika za masikioni, muziki wa singeli unavuja mpaka nje. Na Bi Salha yupo kwenye kioo cha kompyuta, mkubwa kama mlango, maandishi ya njano yamempita katikati ya mvi. Juu ya kichwa chake kile. Nilitaka kuvua mtandio wangu nifunike kompyuta.

Fredi hana ubaya. Kafuta bila kubisha. Nikamwambia afute na kwenye kapu la takataka la mashine, akafuta. Na kwenye simu, akafuta. Nikamwambia afungue tena nione. "Sista, nimefuta. Unataka nifute na ubongo?" Nikamwambia akiweza. Tukacheka wote wawili, mie nikiwa karibu kulia. Ameapa hajamrushia mtu. Ana macho ya mtu mkweli, lakini hata mie ninayo.

Neema anasema yaishe. Nega zipo zote, nimpelekee Bi Salha, nimsalimie, nirudi. Hakuna atakayejua. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana chai imenishinda. Nikikaa kimya na ikatokea kwenye simu ya mtu, yule mama atasimama dukani kwake akidhani picha imetolewa nje na ndugu zake, ataanza kuwapekua mmoja mmoja wakati mwizi ni mie.

Nimechoka mpaka kucha.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda Kipawa.

Niliiacha nyumba ile na vigelegele. Leo kimya. Rahma yupo kwa mumewe. Bi Salha peke yake sebuleni, anakunja mabaki ya vitambaa vya harusi, chetezo cha udi pembeni. Nikatoa shikamoo. Nikampa nega, zimekatwa vipande, kila kimoja ndani ya karatasi yake. Kabla hajashukuru nikamwambia yote. Kuichapa, Deo, simu, Fredi, maandishi ya njano. Sikujitetea. Nilikuwa na utetezi mzuri pia, nilikuwa nimeuandaa njia nzima.

"Wanaume wangapi?"

"Wawili. Ninaowajua mie."

Ndege ikapita juu ya bati, vikombe vikatetemeka kabatini. Akasubiri imalize. Akanyoosha mkono. "Ilete."

Nikampa ile ya karatasi, akaiangalia muda mrefu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kidole kikapita juu ya uso wa Rahma, hakikugusa.

"Mvi zote hizi nimezipata lini?"

Hapo mie, kwa ujinga wangu nilioupata kwa bidii, nikafungua mdomo. Nikasema, mama, ni nzuri mno, tungewaficha majina, watu wangeiona wakawakumbuka mama zao.

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. "Mwanangu," akasema, "ingekuwa mbaya ningekuachia."

Akachukua mkasi wa vitambaa. Akainua vile vipande kimoja kimoja kwenye taa, akaitafuta mwenyewe, akaijua. "Ndiyo hii?" Nikaitikia. Akaikata, akanionyesha kwamba ni hiyo moja tu, zingine hajazigusa. Akaiweka juu ya kaa la chetezo. Ikajikunja, ikatoa moshi mchungu, udi wote ukaharibika. Tulikaa tunautazama ule moshi kama watu wanaongoja maji yachemke.

Ile ya karatasi hakuichoma. Nilidhani inafuata. Akafungua kabati, akainua khanga, akailaza chini yake, akafunga kwa ufunguo. "Rahma akija nitampa," akasema. Baadaye kidogo: "Au nitakaa nayo."

Akanimiminia chai ya tangawizi na visheti. Nikanywa yote, niliona kuacha ni kuongeza kosa. Mlangoni akaniambia, "Kuja umekuja mwenyewe, hilo nimeliona. Lakini humu ndani hutaingia tena na kamera." Nikasema ndiyo mama. Akafunga geti taratibu, bila kubamiza.

Nimerudi kwa miguu. Picha yangu bora kuliko zote ipo moja duniani na ufunguo anao yeye.

Jumamosi, 15 Februari

Deo hakunipokonya ukuta. Ana makelele lakini roho anayo. Picha tisa, nafasi kaibana isionekane kwamba moja imepungua. Kwenye bango kaweka buti.

Watu wamekuja. Wenye manukato, wenye miwani, na wachinjaji wawili niliowaalika, wamevaa mashati ya Ijumaa. Mmoja alisimama mbele ya buti zake akasema angejua angezisafisha. Nilicheka kidogo.

Dada mmoja mwandishi akaniuliza, katika zote, ipi unaiona bora? Nikamwambia haipo hapa. Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Deo akasema, msimsikilize, Mwaju kwa kujisifu hajambo. Nikacheka nao. Safari hii nilikuwa nimesema kweli tupu, na sikuwa na nguvu ya kuitetea.

Nimeondoka kabla ya hotuba.

Nimefika nyumbani jua bado lipo. Neema kapika maharage, nimekula nimesimama, kisha nimetoka kukaa kizingitini. Upande wa pili wa uwanja mpangaji mpya anamsuka mwanawe. Mtoto kalala mapajani, shingo imelegea, mdomo wazi. Mama kashika chanuo kwa meno. Jua linawafikia kwa ubavu.

Kamera ilikuwa ndani, juu ya kitanda. Sikuinuka.

Niliwaangalia mpaka alipomaliza.