Kundi la Nne

Jumatatu, 6 Novemba 1905

Kazi nzuri leo! Bwana Luteni hataki hesabu ya vibanda vya kodi. Anataka orodha: wakubwa wa vita vya kusini ni akina nani, makundi yao ni yapi, na nani hapa Bahi anawasikiliza. Nimepiga mistari kwa rula, kama tulivyofundishwa shuleni Tanga.

Kundi la kwanza: waganga wa maji, wanaosema risasi za Mdachi zitageuka maji. La pili: majumbe waliochoka kulimishwa pamba. La tatu: watu waliokunywa dawa kwa sababu jirani amekunywa. Nadhani hao ndio wengi.

Upande wa Bahi nimeacha wazi. Mwezi uliopita mtemi wetu aliletewa ile dawa. Akawajibu wageni kwamba Wagogo maji huyaomba mbinguni, hawajipaki. Akawapa maziwa, wakaenda zao. Hilo sikuliandika. Sioni lazima.

Jumanne, 7 Novemba

Ng'ombe wanne tena walikufa jana. Mama Mkubwa Tabu, dada yake mama, kaja kuazima suruali! Wanawake wamekubaliana: nchi imeharibika, lazima isafishwe. Watavaa nguo za waume zao, watashika mikuki, wataiswaga nuksi kama mtu anavyoswaga ng'ombe, hadi kinamasini mpakani, waitupe huko. Wanaume tukae ndani. Atakayewakatiza njia atapigwa fimbo, na nuksi itarudi kwa kila mtu.

Nikampa kanzu. Akaishika kwa vidole viwili.

“Mwanangu, hili nalo vazi la kiume? Lete suruali.”

Nimempa ya khaki. Inamkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi.

Jumatano, 8 Novemba

Joto. Ugali wa uwele na mlenda, nimeshiba vizuri. Mishi, binti wa hapa hapa, mke wa Shaushi Khamisi, mkubwa wa askari wa boma letu, anapita akijaribu koti la mumewe. Shaushi analalamika: miaka kumi na miwili askari, leo anaamriwa na mke akae ndani! Lakini anacheka.

Alhamisi, 9 Novemba

Saa tatu asubuhi. Bwana yuko juu ya dari ya boma na darubini. Anapiga kelele: mikuki arobaini! Kumbe hakuna aliyemwambia. Mimi nilidhani Shaushi amesema, Shaushi alidhani mimi karani nimesema.

Nikamweleza ni wanawake.

“Wamevaa suruali.”

Ndiyo, Bwana.

“Basi ni wanaume.”

Hapana, Bwana.

Akaniuliza kama nimelewa. Nikaeleza tena, polepole: ng'ombe, nuksi, kinamasi. Akasema kule kusini nako walianza na dawa na nyimbo. Niandike kundi la nne, na jina la kiongozi wao. Askari kumi na wawili watoke, wawazuie, wawanyang'anye mikuki.

Wakizuiwa watapiga fimbo, ndiyo desturi. Na askari akipigwa fimbo atafanya nini? Ana bunduki.

Sijawahi kumbishia mzungu. Leo nimebisha. Nimesema wakifika kinamasini watatupa nuksi, watavaa nguo zao, watarudi nyumbani kupika. Wakigeukia boma, jina la kwanza kwenye orodha liwe langu. Akanitazama sana. Akatoa saa mfukoni: mpaka saa tano wawe wamefika kinamasini, la sivyo askari watoke.

Saa nne na nusu. Naandika hapa ili mkono usiende kwenye ile orodha. Wanapita chini ya boma. Mama Mkubwa yuko mbele, anapiga mluzi wa mchungaji! Koti la Shaushi nalitambua kwa vifungo, Mishi yumo ndani yake. Wanaimba vizuri. Hata Bwana anatikisa mguu, ila darubini haiteremshi.

Wanakwenda polepole mno. Mama Mkubwa ana goti bovu na hakubali kupitwa.

Saa tano kasoro dakika tano. Bado hawajafika kwenye matete ya kinamasi. Bwana kaniuliza jina la kiongozi. Nimesema wino umekauka, nauchanganya.

Saa tano. Amri imetoka. Askari wamepanga mstari langoni, wanamngoja Shaushi Khamisi awaongoze. Shaushi ameinama, anafunga kamba za viatu. Amezifunga, amezifungua, anazifunga tena. Bwana anamwita kwa sauti. Shaushi anajibu, “Tayari, Bwana!” na anahamia kiatu cha pili.