Waya Uliokimbilia Kwenye Sweta Yangu

Mama Ombeni wangu wa Mabamba,

Waambie majirani kwamba hapa Kasulu elimu ya umeme imesimama, inanisubiri mimi. Yusta wa kaka, yule mwalimu wa fizikia, anapima kwenye maabara ya shule waya mwembamba kuliko unywele: ncha moja anaipasha moto, nyingine inabaki na baridi, na katikati umeme unazaliwa. Nyaya nyingine zote zilishakatika, ukabaki huo mmoja. "Baba mdogo, kaa hapo, usiguse kitu," akaniambia. Nikakaa kama waziri.

Mara mkuu wake akaingia. Sasa mimi Muha niliyelelewa, nitamwamkiaje mtu mzima bila kuinama na kupiga makofi? "Mwakeye!" Pa, pa! Upepo wa viganja vyangu ukaupeperusha waya. Yusta nusura alie.

Tukautafuta kwa tochi, kumbe umenasa kwenye sweta yangu. "Ivue polepole, baba." Nikagoma, nikataja umri wangu na heshima yangu. Wapi! Sweta ikavuliwa, waya ukapona, umeme ukapimika.

Nakukumbuka, wewe na ugali wako wa muhogo. Ila blauzi yako ya kwaya usiitafute tena. Baridi ya huku ni kali, nami nilikuwa nimeivaa ndani ya sweta. Mkuu ameisifu sana lesi yake.