Waya Mfupi

Jumanne, baada ya chakula cha usiku

Kiungo chenyewe hakikuachia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Jumapili nilikata kipande cha waya wa taa ya pikipiki kilichoungua, nikamenya ncha mbili, nikazisokota, nikazilehemu kwa risasi, nikazungushia tepu nyeusi. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Taa ikawaka. Mke wangu akasema sasa nimekuwa fundi.

Lakini pikipiki ilikuwa imesimama uani, usukani umenyooka. Sikufidia kile kipande nilichokata, waya ukabaki mfupi. Na barabara ya kwenda Soni ni kona tupu.

Leo jioni nilikuwa namrudisha mama kutoka hospitali, na ukungu ulikuwa umeshuka. Kwenye kona kali nikakata usukani, waya ukavutika, ukachomoka kwenye taa. Hatukuona kitu. Lori la kabichi likatupita karibu sana, likakwangua kikapu cha mama.

Mama akashuka. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "We sukuma, mwanangu. Mimi natembea."

Akawasha tochi ya simu yake, akatangulia na ile miguu yake iliyovimba, akinimulikia nisitumbukie korongoni.

Nimeshaunga waya mrefu zaidi. Nimekata usukani kushoto na kulia hadi mikono ikachoka, na taa haizimi. Nikaenda kumwambia mama kwamba Alhamisi nitampeleka tena hospitali.

Akanishukuru. Akasema ataondoka alfajiri, kwa miguu.