Injini ya Marehemu Baba Yake Abasi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimemkosea rafiki yangu Abasi. Niandike hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.
Jioni nilikuwa kwenye meza ya treni zangu ndogo za mfano kama kawaida, napigilia reli za kituo. Nikaifungua injini ya Abasi. Ya marehemu baba yake. Kaniachia niifunge chipu, iendeshwe kwa rimoti kama zangu. Injini za zamani, kabla ya chipu, lazima utenge mota isigusane na chuma cha bodi. Nilijua. Sikuitenga, uvivu tu. Zangu zinakujaga zimetengwa tayari. Nikawasha. Ikavuma, haizunguki. Nikaiacha ivume, mjinga mie. Moshi. Chipu imekufa, mota imeungua.

Jumanne, 7 Oktoba
Abasi kapiga simu. Nimemwambia umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaichoma. Uongo mtupu. Huku Pugu nani atabisha? "Pole sana, Baba Neema," kasema. Yeye ndiye ananipa pole mie.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mota ya kubadilisha hakuna. Kariakoo wananionyesha mota za mashine za kunyolea. Muuzaji mmoja kauliza kama mtoto atalia sana. Mtoto mwenyewe ndio mie, nina mvi.
Nimejaribu kuisuka upya ile iliyoungua. Waya mwembamba kama unywele. Unakatika. Unakatika tena. Nimerusha bisibisi ukutani. Mke wangu kachungulia: "Ukuta nao umekukosea nini?" Nikaiokota bisibisi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ndio imekuwa mbaya zaidi. Abasi kaja mwenyewe kutoka Chang'ombe, kabeba stebilaiza. Zawadi. "Umeme usije ukala na zako." Kapiga magoti, kaifunga kwa mkono wake chini ya meza yangu.
Hitima ya mzee ni Jumapili ijayo, tarehe 19. Kila mwaka, baada ya pilau, wajukuu wanaizungusha injini ya babu. "Mwaka huu tutawaambia injini ya babu ipo likizo," kasema, akacheka. Nikacheka naye. Najichukia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimefungua injini yangu ya kijani, ile niipendayo. Mota yake inaingia kwenye bodi ya injini ya mzee, nikisaga kidogo pembeni. Safari hii nimeitenga vizuri. Ya kijani haitatembea tena. Sawa.
Jumamosi tarehe 18, siku moja kabla ya hitima, naenda Chang'ombe. Nabeba stebilaiza yake, mota iliyoungua, na injini ya mzee. Namwekea mota mkononi, namwambia ni mie, sio umeme.
Injini itabaki kwenye mfuko mpaka nimalize kusema.