Chomoa Waya Mmoja

Ildefons, upo? Nimejiaibisha kwa bosi!

Niko peke yangu chumba cha seva, Rwamishenye. Nimeunganisha mashine mpya ya kuhifadhi data kwa nyaya mbili, ili mmoja ukikatika wa pili uendelee. Bosi kwenye simu akasema: "Cheza faili lolote, halafu chomoa waya mmoja. Sauti ikikatika, umekosea."

Nikafungua rekodi ya mkutano wa kijiji cha ujamaa, Ijumbi, 1974. Sauti ya mwanamke: "Mimi Kokubanza. Mtanihamisha, sawa. Kaburi la mwanangu nani atalipalilia?"

Ni mama yangu, Ildefons! Mama! Miaka tisa tangu tumzike.

"Chomoa!" bosi anafoka.

Unajua nilimjibu nini? "Subiri bosi, mama bado anaongea."

Akakata simu.

Nimemsikiliza mara sita sasa. Waya sijachomoa.