Mwiko wa Soa

Dada yangu Mariamu,

Kabla hata sijakusalimu, nikuambie jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: mimi nawaogopa watoto. Nilipochaguliwa kuja kisiwani Nosy Be kuwaangalia kwenye kambi hii ya likizo, nyote mlifurahi, nikaona haya kusema.

Sasa shikamoo, dada. Mama hajambo? Kifua cha Bibi kimetulia? Mimi mzima. Naandika kwa Kiswahili alichotufundisha Babu kwa sababu hapa barua hupita mikononi mwa wengi, nao wanajua Kimalagasi na Kifaransa tu.

Nimepewa watoto wa miaka saba, minane. Huniiga ninavyotembea nikisoma, wakijigonga kwenye miti makusudi. Siku ya kwanza niliwaketisha duara, nikamwuliza kila mmoja mwiko wa kwao, nisije nikampa mtu chakula kilichokatazwa na wazee wake. Niliona ndiyo adabu. Mmoja akasema mbuzi, mwingine samaki mkunga, mwingine kitunguu, huku wanajivuna. Zamu ikamfikia Soa, kitoto kilicholelewa katika kituo cha yatima.

"Sijui," akasema. "Hakuna aliyeniambia."

"Basi wewe huna wazee," akasema Rado, mtoto wa karani, anayewatawala wenzake. "Hata mbwa wetu ana mwiko. Haingii ndani."

Toka hapo wakamfanya Soa ndiye mwiko wao. Hakuna kumgusa, hakuna kunywea kata aliyonywea yeye. Nikamweleza mkuu wa kambi. Akacheka. "Si wewe uliyewauliza, kijana?"

Jana asubuhi Soa akanivuta shati. "Mwalimu, nipe mwiko. Mmoja tu."

Sikuwa na wa kumpa ila wetu. Nikamwambia nguruwe. Akaenda mbio kuwatangazia.

"Huo ni wa Wakomori," akasema Rado. "Wale waliofukuzwa Mahajanga. Nawe unataka ufukuzwe?"

Soa akatikisa kichwa.

"Basi tukupe wa kwetu. Mwiko wako ni Mwalimu. Usimguse, naye asikuguse. Ukiweza, tunacheza nawe."

Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Haya." Wakamshika mikono yote miwili wakaenda naye. Sijamwona akicheka vile tangu tuje.

Msalimie Mama, ila maneno ya Rado usimsomee, ameyasikia ya kutosha tangu wenzetu wafukuzwe. Msalimie Bibi, na Mjomba fundi cherehani wa Tsaramandroso, na jirani yetu anayemletea Bibi maziwa. Wakikuuliza, sema kazi naiweza.

Jana hiyohiyo alasiri tulikwenda ufukweni. Soa aliteleza kwenye mawe, goti likachubuka vibaya. Nikamkimbilia. Wenzake wakamtazama yeye, si damu.

Akajivuta nyuma kwa makalio. "Usinishike, Mwalimu. Watanitoa."

Nikaweka chupa ya dawa na kitambaa juu ya jiwe, nikasogea mbali, nikamwelekeza kwa maneno: mimina hapa, zungusha, kaza. Alilia dawa ilipomchoma. Kitambaa kikalegea, akafunga tena. Nilisimama palepale mpaka akamaliza, kisha nikapuliza filimbi, nikawapanga wawili wawili, nikawarudisha kambini nikitembea nyuma yao.

Mdogo wako,
Saidi