Nimeinua Lori kwa Vibao vya Mtarakwa, Mke Wangu Amerudi Kwao

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba pia usichapishe jina langu, maana hapa Bondeni ukikohoa, nyumba ya kumi inajua ulilala bila blanketi. Mimi ni dereva na mwenye lori, lori kuukuu la kabla ya vita nililolinunua kwa mzungu mmoja wa Molo, na kazi yangu ni kuleta viazi kutoka Kuresoi mpaka soko la Nakuru pamoja na akina mama wanaovinunua, nao hukaa juu ya magunia. Sasa masika yaliyopita lori lilikwama matopeni mara sita kwa sababu limekaa chini, na mimi nikachoka kuvutwa na ng'ombe za watu huku nikichekwa, nikaenda mnadani Gilgil nikanunua matairi makubwa ya lori za jeshi bila kupima kwanza, nalisema hilo mwenyewe, na nilipoyafunga yakawa yanasugua madigadi kila nikikata kona.

Fundi Kipkemei akaniambia, "Wewe rudisha hizo tairi. Tafuta zenye zimezidi za kwanza kidogo tu, halafu springi tupelekee mhunzi azikunje upya na aongeze jani moja moja la chuma. Ni kazi ya wiki tatu." Wiki tatu, mshauri, wakati wa viazi! Nikaona ananichezea, nikaenda kwa fundi mwingine, Ephantus, naye akakata vibao vya mtarakwa akavibana kati ya ekseli na springi, mbele na nyuma, akasema, "Kama nguzo ya mtarakwa inashika seng'enge miaka ishirini, itashindwa na viazi?" na kwa siku moja tu lori likasimama juu, watu wakaja kulitazama, nikapita matopeni bila kusukumwa, sikatai kichwa kilinivimba.

Basi Jumanne iliyopita nikiteremka kutoka Molo nikakanyaga breki kumkwepa ng'ombe, kibao cha mbele kushoto kikapasuka na kutoka, ekseli ikarudi nyuma upande huo, lori likaingia mtaroni, na mama mmoja wa viazi, Wachuka, akaanguka kutoka juu akavunjika mkono. Nilikiokota kile kibao haraka nikakificha chini ya kiti, nikawaambia tumegonga jiwe. Wakaniamini. Wanasema niliwaokoa kwa kuushika usukani vizuri, na Wachuka ameniletea kuku wa shukrani, mkono wake umefungwa kitambaa, lakini mke wangu Mastura alikuwa amekiona kibao chini ya kiti, akaniambia mbele ya watoto, "Huyo kuku mimi sipiki. Na hiyo lori yako, mimi na watoto wangu hatupandi tena," akakusanya nguo akarudi kwa mama yake. Nimeudhika sana, kwa maana nilikuwa natafuta riziki, sikuiba. Ephantus ameshatia kibao kipya kinene zaidi, na Jumamosi nimekubali kupeleka watu thelathini Molo kwenye harusi ya jirani yangu Micah. Niambie, ni mti gani ulio mgumu kuliko mtarakwa, na mke nimrudishe vipi?

Dereva, Bondeni, Nakuru

Bwana Dereva,

Pole kwa kuachwa peke yako nyumbani. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali unapojiuliza mkono wa Wachuka unaendeleaje, na sikupaona.

Unauliza mti gani. Hakuna mti! Marehemu baba yangu alikuwa akipasua nguzo za seng'enge huko Elburgon, na angekucheka mpaka alie. Mtarakwa hukaa ardhini miaka mingi kwa sababu mchwa hawautaki, lakini watu huutumia kwa nguzo kwa sababu nyingine pia: unapasuka upesi. Kabari moja, nyundo mbili, umegawanyika toka juu mpaka chini. Wewe na Ephantus mmezungukwa na nguzo hizo tangu mzaliwe na bado mkaona zinafaa kubanwa chini ya mzigo wa viazi na watu! Nilimwuliza fundi mmoja mzee wa malori, akashika kichwa. Anasema ukikanyaga breki ekseli hutaka kujizungusha, na kadiri kibao kinavyokuwa kinene ndivyo kinavyosukumwa nje upesi. Mbele hakiwekwi kabisa, hata kiwe cha chuma. Kipkemei alikupa ukweli huo bure, ukamwona adui kwa sababu alitaja wiki tatu. Mwenda pole hajikwai, bwana, nawe umejikwaa na watu mgongoni.

Na usinieleze habari ya kutoiba. Mastura hakukimbia lori, wake za madereva wamezoea ajali. Amemkimbia mtu anayeweza kupokea kuku kutoka kwa mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemvunja mkono, kisha akasema asante. Hata mimi nisingempika.

Sasa sikia. Lori lisitoke tena. Toa vibao vyote vinne uvitie jikoni, matairi ya jeshi yarudi mnadani, na wewe urudi kwa Kipkemei ukiwa umeinamisha kichwa. Springi zikunjwe, jani liongezwe, boliti za kuzikaza ziwe mpya, na tairi apime yeye kabla hujanunua, lori likiwa limejaa magunia na usukani umegeuzwa mpaka mwisho. Kwa Micah nenda leo ukamwambie hutapeleka watu. Treni inafika Molo, na bibi harusi akipata masizi kwenye nguo atafua. Mke usimfuate mpaka umeshasema kweli kwa wale akina mama, wote, waliokusifu mtaroni.

Anza na Wachuka. Gharama za mkono wake ni zako mpaka apone, na usimwombe akusamehe siku hiyohiyo.

Wala usijiambie utalifanya wiki ijayo. Uliniomba nifiche jina lako, nimelificha. La Wachuka hukuniomba, nami sikulifuta. Gazeti hili linashuka stesheni ya Nakuru Alhamisi kwa treni ya asubuhi, na pale sokoni hapakosi mtu wa kumsomea. Ikiwa unalisoma sasa, una muda wa kutoka hapo ulipo mpaka kwenye meza yake ya viazi. Nenda.